Mukalishaji Asiyekaa

Hakuna mtu wa Kibabi wa rika langu atakayekuambia kwamba aliwahi kumwona amekaa. Alikula amesimama, alikunywa amesimama. Kanisani, katekista akituambia tukae, yeye alibaki nyuma, bega kwenye mlango, kama mtu aliyepita tu kusalimia. Mama yangu alimsogezea kiti kila alipofika kwetu, naye kila mara alikitazama, akakigusa kwa mkono, akasema, "Aksanti, Mama. Nitakaa siku ingine." Na huyo huyo ndiye tuliyemwita Mukalishaji! Nilipokuwa kijana jina hilo lilinichekesha sana. Sasa halinichekeshi.

Kukalisha watu ndiyo ilikuwa kazi yake. Vita ya wazungu ilipokwisha, na baba zetu wakarudi kutoka kutafutishwa utomvu wa mpira msituni, njia zilijaa watu wanaotafuta pa kulima. Wengine walipanda kwetu milimani kutoka Walikale, kule chini msituni, wengine walitoka upande wa Mushaki ambako mashamba yalikuwa yamebanana. Mwenye udongo hakwenda kumtafuta mgeni, ingekuwa aibu. Mgeni naye hakwenda kubisha hodi kwa mwenye udongo, wangemwona hana adabu. Kila upande ulimwita Mukalishaji. Siku hizi mjini mtu wa kazi hiyo wanamwita komisyonere, ana simu mbili na viatu vyenye ncha. Wetu alikuwa na fimbo na koti moja zito lisilo na vifungo, na miguu yake, hata siku za mvua na potopoto, ilikuwa safi kiasi cha kututia mashaka.

Siku ya kukalisha ilikuwa hivi. Asubuhi, wenye udongo na mgeni walikutana shambani penyewe, kila upande na mtungi wake wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Walikaa chini kwenye udongo, bila mkeka, wakitazamana. Yeye alisimama katikati. Alingoja watu wanyamaze, na alikuwa na subira ya kungoja hata mtoto wa mwisho amalize kukohoa, ndipo anasema maneno yake, yale yale kila mara: "Leo minamukalisha huyu hapa. Akae, apande chakula yake, asisahau mwenye udongo." Basi. Mitungi inabadilishwa, hawa wanakunywa ya wale, wale wanakunywa ya hawa, na wote wanapiga makofi.

Sasa liangalie hilo neno kukaa. Mtu amepita kwako kuomba maji ya kunywa, unamwambia kaa. Na mimi niliyemzika baba yangu hapa na kuzaa watoto wangu hapa, ukiniuliza, nakuambia nakaa Kibabi. Neno ni moja. Mwenye udongo alisikia la mtu wa maji, mgeni alisikia la mtu mwenye makaburi, na makofi yalikuwa ya wote. Ningependa kukuambia kwamba Mukalishaji hakujua. Alijua, ee, alijua vizuri kabisa.

Maana lugha hazikumpiga chenga. Akiwa kwetu alisema Kihunde kama shangazi zangu, na mzaha wake wote ndani. Akiwa Walikale alisema Kinyanga, na wasafiri walituapia kwamba kule watu hawakubali kabisa kuwa ni mtu wa milimani. Sisi tulisema ni wa kwetu, wao walisema ni wa kwao, na yeye hakubishana na yeyote. Ukimwuliza, "Papa, kwenu ni wapi?" anakujibu, "Kwetu iko fasi nilikula leo." Lakini siku ya kukalisha aliziweka kando lugha zote mbili akasema Kiswahili, ambacho hakuna bibi yeyote wa pande hizo aliyemlaza mtoto kwacho. Katekista alimwuliza siku moja sababu. Akamjibu, "Kiswahili haiko ya mutu. Nikisema Kihunde, mutu wa Walikale atasema ninapendelea ba hapa. Nikisema Kinyanga, ba hapa batakasirika. Kiswahili, hakuna mwenye kulalamika." Katekista aliona ni akili. Sote tuliona ni akili.

Halafu mambo ya nyama. Mgeni alichinja mbuzi siku hiyo, na mguu mmoja ulikuwa wa Mukalishaji, shukrani ya kutafutiwa udongo. Wenye udongo nao, katika nyama waliyogawiwa, walimkatia mguu, shukrani ya kutafutiwa mgeni mwema. Kwa hiyo aliondoka na mguu begani kulia na mguu begani kushoto, na sisi vijana tukamfuata tukipiga kelele, "Papa, hiyo mbuzi yako ilitembea na miguu mbili?" Naye bila kugeuka: "Ya miguu mbili haikimbie mbali!" Tulicheka mpaka machozi. Nani angefikiri kuuliza kama mtu mmoja anaweza kula miguu ya pande zote mbili na bado akasema neno lote kwa kila upande? Tuliona amechoka kwa ajili ya wote, basi na wote wamlishe.

Nisije nikamchora vibaya. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo panaponiumiza. Binti wa jirani yetu alipovimba tumbo, Mukalishaji alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misioni, akarudi amelowa shingo mpaka visigino, akapita kila nyumba kusema mtoto amekunywa uji. Chumvi ilipopotea alituletea kutoka kule alikojua yeye. Aliogopa ng'ombe kuliko chui, na akisikia kengele ya ng'ombe njiani aliingia mtaroni na koti lake lote. Watoto walimpenda. Wa kwake hakuwa nao, wala mke hatukumjua, wala shamba. Yeye aliyejua kila kipande kutoka Mushaki mpaka njia inayoshuka msituni hakuwa na hata tuta moja la viazi. Mama alimwambia mara nyingi, "Papa, jikalishe na weye." Alikuwa anacheka tu. "Nikikaa kwa hawa, bale bengine batasema niko wa hawa."

Na hakusengenya. Sifa yake hiyo ilitembea mbele yake. Aliyosikia nyumba moja hayakufika nyumba nyingine, na watu wakamwamini na siri zao. Ukimwuliza, "Wale wamesemaje?" alikuwa na neno lake: "Inakuja." Shamba langu? Inakuja. Yule mgeni amekubali? Inakuja, Mama, inakuja. Nakumbuka familia mbili zilizotaka mlima mmoja ule ule, zote mbili zimemtuma yeye, na msimu mzima kila moja ilipokea "inakuja" yake na kumpikia. Mwishoni moja ilipata, nyingine ikapewa pole na kipande chenye mawe. Hata hao wa mawe walimpa mguu wao. Yaani alikuwa na ulimi wa kufunika jeraha mtu asisikie kuwa ameumia.

Nafika sasa kwa shamba letu, na nikilifikia hapa sauti yangu hubadilika, mke wangu ananiambia.

Baba alituachia mteremko mmoja chini ya nyumba, unaotazama mto, udongo mweusi. Kabla hajafa alinishika kifundo cha mkono akasema, "Siku utaoa, njo utajenga pale." Nilikuwa bado sina ndevu. Mama peke yake hakuweza kulima nyumbani na mteremkoni, na udongo uliolala ulikuwa hatari wakati ule, kwa sababu wakubwa wa serikali wakipita wakakuta majani walisema huu hauna mtu, na kesho unasikia ni wa mzungu wa mashamba. Mama alihitaji jembe lionekane pale mpaka mimi nikomae. Hiyo ndiyo hofu iliyomlaza macho wazi. Akamwita Mukalishaji.

Nilikuwepo, nilikuwa nachonga mpini. Mama alisema wazi: "Papa, unitafutie mutu wa kulima pale mpaka mutoto yangu aoe. Akishaoa, yule mutu atanirudishia. Usimufiche hiyo."

"Nimesikia, Mama."

"Atapanda nini?"

"Atapanda chakula yake tu, Mama. Usiogope."

Mama alitulia. Kwetu chakula ni maharagwe, viazi, mtama, vitu vinavyovunwa na udongo ukabaki mtupu. Ndizi tulikuwa nazo, lakini ndizi haikuitwa chakula. Ndizi ilikuwa ya pombe, ilikaa kuizunguka nyumba ya mwenye nyumba, na aliyepanda mgomba alikuwa amesema bila kufungua mdomo kwamba haondoki. Mgeni hapandi mgomba. Hata mtoto wa kwetu anajua hilo kama anavyojua kuwa hachezi na moto.

Ya upande wa pili niliyajua miaka mingi baadaye, kutoka kwa Mukalishaji mwenyewe. Katika safari yake Mukalishaji alikuwa amemkuta huko Walikale mama mmoja mjane na watoto watatu. Mume wake alikufa kwa homa huko machimbo ya bati, na yeye tangu siku hiyo alihamishwa kwa shemeji huyu, kwa shemeji yule, analima leo, kesho anaambiwa aende. Alimwambia Mukalishaji hivi: "Papa, mimi sitaki shamba kubwa. Nataka fasi ya kukaa. Nimechoka kufunga mizigo." Naye alijibu kama alivyomjibu mama yangu. "Nimesikia, Mama."

Alikuwa amesikia wote wawili, unaona? Hakuna aliyesikia kuliko yeye. Mmoja anataka mgeni atakayeondoka, mwingine anataka mahali pa kutoondoka, na yeye amebeba maneno hayo mawili katika kichwa kimoja, njia nzima ya kupanda milima, siku baada ya siku, na hakuyaacha yakutane. Angewaambia tu, kila mmoja angetafuta kwingine. Lakini hapo asingekuwa na mtu wa kumkalisha, na mvua zilikuwa karibu, na watoto wale walikuwa wadogo. Nimemtafutia sababu nyingi katika maisha yangu, hata za kumtetea.

Akamleta. Mama yule alikuwa mrefu, mwenye haya, akicheka alifunika mdomo kwa kanga. Yeye na mama yangu walipendana siku ile ile. Wajane wawili, unafikiri nini? Walikaa kwenye udongo mweusi wakitazamana, Mukalishaji katikati na fimbo yake: "Leo minamukalisha huyu hapa. Akae, apande chakula yake, asisahau mwenye udongo." Mama yangu alipiga makofi kwa nguvu. Yule mama wa Walikale alilia, na sisi tukasema tazama, mtu mwenye shukrani.

Msimu wa kwanza alipanda maharagwe, mbegu alizopewa na mama. Msimu uliofuata nilikuwa natoka mtoni, nikaona vichipukizi vimesimama mstari, majani yamejikunja. Migomba. Nilihesabu nikaacha. Nilipanda mbio kumwambia mama, naye alikuwa anapeta mtama, ungo ukabaki hewani.

"Ndizi?"

"Ndizi, Mama. Mteremko yote."

Hakwenda kwa yule mwenzake. Ndivyo adabu ilivyotaka. Ukikalishwa na mtu, maneno yanapita kwa mtu huyo, na kumwendea mwenzako moja kwa moja ni kumtukana aliyewaunganisha. Alimwita Mukalishaji, na kwa mara ya kwanza hakumsogezea kiti.

"Papa, mugeni yako anapanda ndizi."

"Nimeona, Mama."

"Nilikuambia mpaka mutoto aoe. Ulimwambia?"

"Nitasema naye."

"Sema naye leo!"

Akashuka. Sisi tulimtazama kutoka juu, amesimama kati ya migomba midogo, anasema, anaonyesha kwa fimbo, yule mama anacheka kwa kufunika mdomo. Akapanda tena. "Inakuja, Mama. Amesikia." Tuliamini. Kumbe kule chini, nilikuja kujua, alikuwa amesema, "Mama mwenye udongo anakusalimia. Anaona kazi yako." Yule mama akafurahi, akaongeza safu nyingine. Ndiyo, akaongeza! Unaweza kumlaumu?

Ilikwenda hivyo. Mama akimtuma na uchungu, unafika umekuwa salamu. Yule wa chini akimtuma na kikapu cha majani ya kupika, kinafika, na mama yangu anafikiri ni msamaha unaombwa. Wakikutana mtoni walisalimiana kwa maneno laini, kila mmoja akingoja mwenzake aseme jambo. Migomba ikapanda kifuani, ikapanda juu ya kichwa.

Mimi nami nilikuwa nimepata mchumba. Ndiye huyu mke wangu, yuko hapo nje anaita kuku. Wajomba zake walikuja kuona mahali binti yao atajengewa. Tuliwateremsha mteremkoni, mama mbele. Walitazama. Mjomba mkubwa aligusa mgomba mmoja, uliokuwa umeanza kutoa mkungu, akauliza kwa upole, "Hii iko ya nani?"

Mama akasema, "Ya mugeni."

"Mugeni wa kupanda ndizi?" Akamgeukia ndugu yake. Walikuwa watu wa heshima. Walikula kwetu, wakaaga, wakaacha neno kwamba binti haendi popote mpaka wajue udongo ni wa nani.

Niliona mama yangu akizeeka pale pale. Ahadi ya baba, harusi yangu, vyote vilikuwa vimesimama chini ya majani ya mtu mwingine. Asubuhi yake alichukua panga. Nilimshika mkono akaniondoa kama mtoto. Alishuka, na kwa sababu yule mama alikuwa anapalilia, walikutana uso kwa uso, bila mtu katikati, mara ya kwanza tangu wakalishwe.

"Mama, hizi ndizi zitoke."

Yule mwingine hakuelewa. "Zitoke ziende wapi?"

"Uliambiwa upande chakula!"

"Si njo chakula hii?"

"Ndizi iko chakula?"

"Sasa iko nini, Mama?" Alikuwa anauliza kweli, macho yamemtoka. "Batoto banakula nini? Kwetu hakuna chakula ingine. Mukalishaji alisema nipande chakula yangu, na weye ulipiga makofi."

Mama yangu alisimama pale na panga. Ninaapa niliona neno linamwingia. Aliligeuza mdomoni: "Chakula. Chakula yake." Na wakati huo huo, sijui nani alimwita, Mukalishaji alifika akihema, akaja kusimama kati yao, mahali pake. Wanawake wote wawili walimgeukia. Hawakuwa na hasira bado. Walikuwa wanangoja tu aseme. Yeye alikuwa ndiye mtu pekee Kibabi nzima aliyejua chakula ni nini kwa huyu na ni nini kwa yule, maana alikuwa amekula kwenye sufuria zote mbili.

Mama akamwuliza, "Papa, ulimwambia kama atarudisha?"

Yule wa Walikale akamwuliza, "Papa, ulimwambia kama nimekuja kukaa?"

Alifungua mdomo. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Akasema, "Bamama, kila mutu iko na haki yake."

Ee Mungu wangu. Hayo tu! Angetukana ingekuwa afadhali. Mama yangu alimpita, akakata mgomba wa kwanza. Unajua mgomba unavyoanguka, haupigi kelele, unalala tu na maji yake. Alikata wa pili, wa tatu, analia, anakata. Yule mama mwingine aliweka mikono kichwani, na watoto wake wakaja kusimama nyuma yake mmoja mmoja. Mikungu ilikuwa michanga, haikufaa hata kwa mbuzi.

Waliondoka wiki ile, chini, kwa njia ya msitu. Mama alimpelekea maharagwe, kapu zima, na yule mama alilipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyefundishwa vizuri, akalifunga pamoja na mizigo. Mukalishaji alibeba mzigo mkubwa kuliko yote, akatangulia. Hakuna aliyempa mguu wa kitu chochote.

Nikaoa, nikajenga mteremkoni. Udongo tuliupata, ndiyo. Lakini mgomba ukiukata haufi. Kila mvua, chipukizi lilitoka pale pale pa zamani, kwa mstari ule ule wa mkono wa yule mama. Mama yangu aling'oa. Mvua nyingine machipukizi yakatoka tena. Nilimsikia akisema nayo peke yake, "Nisamehe, dada, nisamehe," huku anachimba. Mwaka mmoja nikamkuta amekaa chini na jembe magotini. "Acha," akaniambia. "Yakae." Tukayaacha. Ndizi zilipokomaa alizipika kama wanavyozipika kule, za kuponda, akamega tonge, akalirudisha sahanini. Alikufa akiuliza wasafiri wa Walikale kama wamemwona mama mrefu mwenye watoto watatu. Hakuna aliyemwona.

Watu waliacha kumwita Mukalishaji. Hakufukuzwa, hapana, kwetu hatumfukuzi mtu. Walianza tu kuuliza maswali aliyokuwa hayapendi, na kutaka wote wawili wasikie jibu pamoja, na yeye hakuweza kazi ya namna hiyo. Tulisikia yuko Walikale. Kule wakasema yuko kwetu.

Mwaka mmoja au miwili kabla ya Uhuru, mchana wa mvua, mke wangu alisema kuna mzee barazani. Alikuwa amesimama. Koti lilikuwa lile lile, fimbo nyingine, mguu mmoja umevimba na, kwa mara ya kwanza, mchafu. Sikujua kama nina hasira. Nilikuwa nimeitunza kwa ajili yake miaka mingi, na sasa nilipoitafuta nilikuta uchovu tu.

"Papa."

"Mutoto ya mama," akasema. "Amekufa, nimesikia. Pole."

Mke wangu alimletea ndizi za moto. Alikula amesimama, taratibu, na tukatazama mvua juu ya migomba. Nikamwuliza habari za yule mama.

"Iko," akasema. "Anahama tu. Ule mutoto mukubwa ameoa, bale bengine iko nao. Minamuonaka." Akamega ndizi. "Siku hizi, fasi yote anafika, wakimwambia kaa, anawauliza kwanza: kukaa ya namna gani? Watu banamucheka. Banasema ni mwendawazimu."

Mvua ilizidi. Nilitazama ule mguu wake, nikajua hana pa kwenda, na kwamba hatasema. Alikuwa amesimama kwenye kila mlango wa Kibabi, na hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Nikachukua kile kiti cha mama, kile kile, nikakisogeza.

"Kaa, Papa."

Alikishika kwa mkono mmoja kama zamani. Nikangoja aniambie siku ingine. Alibaki amekishika, akaniuliza kwa sauti ndogo, huyu mtu ambaye hakuwahi kumruhusu mtu yeyote aulize:

"Kukaa ya namna gani?"

Nilitazama nje, mstari wa yule mama, majani yanamwaga maji.

"Ya kupanda ndizi," nikamwambia.

Akakaa. Miguu yake haikujua ikae vipi, aliinyoosha, akaikunja. Alikaa muda mrefu na sahani magotini, halafu akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu kwenye ndevu zake.

"Ya kupanda ndizi. Ni maneno matatu," akasema. "Ningewaambia tu, bote wawili, siku ile. Maneno matatu."